Kilo Tatu za Kwenye Karatasi

Vijana wa chama, mmeniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu namna ya kuchagua mota ya roketi kubwa, kwa sababu niliuza mota hizo miaka kumi na minane, na kwa sababu, kama alivyosema mmoja wenu kwenye simu akidhani nimeshakata, "yule mzee hana kazi nyingine siku hizi." Kweli sina. Nina goti bovu, redio, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Basi naandika. Lakini msitegemee kusoma habari za shujaa. Mashujaa wa kazi hii wako nje wanarusha. Wanaokaa mezani kuandika ni sisi tulioangusha vitu.

Duka letu lilikuwa Saint-Josse, kati ya muuza mazulia na kinyozi. Tuliuza treni ndogo za umeme, ndege za kuunganisha kwa gundi na, nyuma kabisa, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili, mota za roketi. Mwenye duka alikuwa mzee wa hapa hapa Brussels, Monsieur Gust, mtu wa masharubu ya rangi ya tumbaku na adabu ya mbwa aliyekanyagwa mkia. Nilifika kwake mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na cheti changu cha sekondari kutoka Bujumbura, kimepigwa mihuri minne. Hakukitazama. Alinipa boksi la skrubu akaniambia nizipange kwa ukubwa. Nikazipanga vizuri, safu kwa safu. Akazimwaga zote mezani.

"Umezipanga kwa macho," alisema. "Sasa zipange kwa kipimo."

Nilidhani ananionea kwa sababu ya rangi yangu. Baadaye nikagundua alikuwa anamwonea kila mtu, bila ubaguzi, jambo ambalo katika mji huu ni aina ya haki.

Monsieur Gust alikuwa na maswali matatu kwa kila aliyetaka mota. Roketi yako ina uzito gani? Utairushia uwanja gani? Nani ataifuata ikianguka? Mteja akijibu "kama kilo mbili hivi," mzee alikuwa anafunga kabati. "Kama kilo mbili si uzito," alisema. "Ni maoni." Nimeona maofisa wa Umoja wa Ulaya kutoka Etterbeek, watu wanaoandikia bara zima sheria za ukubwa wa matango, wakitoka dukani kwetu na masikio mekundu kwa sababu hawakujua uzito wa kitu walichokijenga kwa mikono yao wenyewe.

Sasa somo lenyewe, maana najua mtalitafuta hilo tu na kuruka mengine.

Kwenye kila mota pameandikwa herufi, namba, halafu namba nyingine. Herufi ni jumla ya nguvu iliyomo ndani, na kila herufi inayofuata ni mara mbili ya ile iliyotangulia. Hapo ndipo watu hupotea. Wanadhani kutoka G kwenda H ni kupanda ngazi moja, kumbe ni kuongeza nyumba juu ya nyumba. Namba ya kwanza ni msukumo wa wastani, yaani mota inasukuma kwa nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. H mbili zinaweza kuwa na nguvu ile ile kwa jumla, lakini moja inasukuma taratibu kwa muda mrefu kama mtu anayesukuma mkokoteni, na nyingine inapiga teke mara moja basi. Namba ya mwisho ni sekunde. Moto ukiisha, mota inangoja sekunde hizo, kisha inalipua kijibaruti kidogo kinachotoa mwavuli wa kuishusha roketi taratibu. Sekunde zikiwa chache mno, mwavuli unafunguka roketi ikiwa bado inakimbia, unachanika. Zikiwa nyingi mno, mwavuli unafunguka roketi ikiwa tayari imezikwa.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimuuzia daktari wa meno mstaafu mota yenye sekunde nyingi mno, kwa sababu nilitazama herufi tu. Alirudi Jumatatu na pua ya roketi yake, imejaa udongo hadi juu. Aliiweka juu ya kaunta kama jino lililong'olewa. Monsieur Gust hakuniruhusu kuiondoa. Ilikaa pale miaka, tukiwekea kalamu.

Kanuni ya mwisho ni rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyonishinda. Msukumo wa mota uwe angalau mara tano ya uzito wa roketi. Uzito wote, pamoja na mota, mwavuli, rangi, gundi na majivuno. Roketi ya kilo tatu inalemea ardhi kwa takriban nyutoni thelathini, nyutoni ikiwa kipimo cha msukumo, basi itafute mota ya nyutoni mia na hamsini. Ukipungukiwa, roketi itatoka kwenye reli yake ya kurushia ikiwa bado inajikongoja. Mapezi yake hayatakuwa na kasi ya kuishikilia iende wima. Upepo wa Ubelgiji, ambao haujawahi kuchukua likizo, utaigeuza uso, nayo itauelekea upepo huo kama mlevi anayemwelekea polisi.

Nyinyi leo mna programu kwenye simu inayopiga hesabu hizo zote. Vizuri. Lakini programu inaamini kila unachoiambia, kama mchumba mpya. Ukiiambia kilo tatu, itakubali kilo tatu, na itakuchorea mstari mzuri wa kijani unaokwenda mbinguni.

Wengi waliokuja dukani walitaka herufi kubwa kwa ajili ya heshima. Bwana mmoja wa ofisi za Ulaya alirusha roketi yake na mota iliyozidi mahitaji mara tatu. Ikaingia mawinguni, na mpaka leo haijatoka. Aliitafuta katika vijiji vitatu, akagonga milango ya watu akiwa amevaa tai. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama tuna kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia binadamu hujifunza kutokana na makosa, huwa ninauliza: yupi?

Halafu alikuja Espérance.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Bukavu, msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alisimama mbele ya kaunta bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, akaniita mjomba kwa Kifaransa.

"Bonjour, Tonton. Banasema weye unasemaka Swahili."

"Nasema. Unataka nini, mwanangu?"

"Moteur. Niko na roketi, nimeijenga miye mwenyewe. Trois kilos."

"Kama kilo tatu?"

Alinitazama vibaya. "Hapana kama. Trois kilos. Nimepima mara tatu."

Monsieur Gust, ambaye hakujua neno moja la Kiswahili, alinyanyua kichwa nyuma ya gazeti lake. Alitambua tu sauti ya mtu aliyepima. Akaenda kufungua kabati mwenyewe.

Nawaambia kilichokuwa kikimngoja, ili mjue nilichokivunja. Chuo kimoja cha ufundi mjini kilikuwa na timu ya roketi, na nafasi moja kwa mtu wa nje ambaye hajapitia shule zao. Sharti lilikuwa cheti cha klabu ya warusha roketi: ujenge roketi kubwa kwa mkono wako, uirushe kwa mota ya H mbele ya mkaguzi, na irudi nzima. Nafasi ilifungwa mwezi wa tisa. Klabu ilikuwa imepanga siku moja tu ya kurusha kabla ya hapo; siku ya ziada mkaguzi ndiye angeitoa. Espérance alikuwa amejenga roketi ile miaka miwili, mita mbili na ushee, kwenye korido ya nyumba yake, majirani wakipita kwa ubavu.

Tulichagua pamoja. H, msukumo mia na hamsini, sekunde saba. Kwa kilo tatu ilikuwa sahihi kama ufunguo na kufuli yake. Sijawahi kuchagua mota vizuri zaidi maishani mwangu.

Kosa lilianzia Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa mjini. Chama chenu, ndiyo, hiki hiki chenu, wakati huo kikiongozwa na Papa Floribert, kilisikia kwamba mtoto wetu anarusha roketi. Wakaomba ikae ukumbini wiki mbili watu waione. Espérance alikubali, maana ungemkatalia vipi Papa Floribert? Alikuwa anavaa koti la rangi ya embe na kuongea kama mtu anayepokea tuzo.

Na sisi mnatujua. Kitu kikiwekwa mbele yetu wiki mbili, hatuwezi kukitazama mikono mitupu. Lazima kila mtu alete chake. Kina mama walisema ule mwavuli wa nailoni ni mwembamba kama aibu ya mwizi, wakashona mwingine kwa kitenge cha pamba, mzito, wenye pindo mbili. Fundi magari mmoja akapaka vanishi, akaona haing'ai, akapaka tena. Na Papa Floribert akachongesha sahani ya shaba yenye majina ya wote waliochangia, akaifunga kwa skrubu mkiani, juu kidogo ya mapezi, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka uzito, kwa sababu hapo ndipo picha ingeonyesha majina vizuri.

Siku ya kurusha, Espérance alikuwa anatokea kazini moja kwa moja. Roketi nilikabidhiwa mimi, niilete kwenye shamba la kurushia kwa gari la chama pamoja na Papa Floribert na kina mama. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mota. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa mkononi mwangu, na mstari wake wa tatu ulisema: uzito umehakikiwa, sahihi.

Nilipoibeba roketi kutoka ukumbini, mikono yangu ilijua. Mtu aliyepanga skrubu kwa kipimo miaka yote ile hadanganywi na uzito wa namna hiyo. Nilipofika shambani nikatoa mizani garini, ile ya ndoano.

Papa Floribert aliniona.

"Eh, Tonton Rama! Unafanya nini na ile kilo?"

"Napima tu, Papa. Ni utaratibu."

"Utaratibu gani? Bamama hawa bameshona, bamelala na sindano mukononi, sasa weye unapima zawadi yabo mbele yabo? Alors, hapa ni soko ya samaki?"

Kina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Akimaliza roketi atatupima na siye! Tonton, miye unikate bei!"

Wakacheka zaidi, nami nikacheka nao. Vijana, huo ndio ulikuwa wakati wenyewe. Mwavuli wa nailoni ulikuwa garini. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Kutoa sahani ile na kubadili mwavuli ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini nilikuzwa Buyenzi, kule Bujumbura, na kwetu mgeni akileta zawadi huifungui mbele yake, seuze kuitundika kwenye ndoano na kusoma namba. Nikaona haya. Niliogopa uso wa Papa Floribert kuliko nilivyoogopa ardhi. Nikairudisha mizani garini, nikaandika kilo tatu, nikatia sahihi. Sahihi nzuri sana. Wamisionari walitufundisha mwandiko.

Espérance akafika akikimbia, amevaa viatu vyake vyeupe kwenye tope. Aliizunguka roketi mara moja. Aliiona shaba. Aliushika mwavuli wa kitenge kwa vidole viwili.

"Tonton. Ulipima?"

Kina mama walikuwa wanasikiliza.

"Nilipima."

"Na iko trois kilos? Na hii shaba?"

"Iko sawa, mwanangu. Imezidi kidogo tu, haina neno."

Akaniamini. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba yule mtu ambaye hakumwamini mtu yeyote hadi apime mara tatu, aliniamini mimi mara moja.

Hesabu ikahesabiwa kuanzia kumi kurudi nyuma, kina mama wakipiga vigelegele. Roketi ilitoka kwenye reli polepole. Roketi haitakiwi kutoka polepole. Ukiweza kuifuata kwa macho bila kutingisha shingo, anza kuomba dua. Ilipofika kimo cha nyumba ya ghorofa tano, upepo uliigusa, ikainamisha pua, ikaenda zake kuelekea shamba la viazisukari kama inayokumbuka kitu ilichosahau. Moto ukaisha. Tukaanza kungoja sekunde saba. Ilianguka sekunde ya tano. Ya saba tukasikia kijibaruti kikilipuka chini ya udongo, puff, kama mtu anayekohoa msibani.

Mkaguzi wa klabu alikuwa mtu mpole. Alimuuliza Espérance kwa Kifaransa, taratibu, kama uzito ulikuwa umehakikiwa. Kwa kanuni zao, anayejenga ndiye anayejibu. Espérance aligeuka. Alinitazama.

Mimi nikatazama viazisukari.

Papa Floribert ndiye aliyeokoa jahazi, jahazi langu. "C'est la colle," alisema akitikisa kichwa kwa huzuni. "Gundi haikukamata. Mapezi ililegea. Ni mutoto muzuri, lakini gundi…"

Na watu wakaitikia: ah, gundi. Mkaguzi akanigeukia mimi, mtaalamu. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Sikusema gundi. Nilitikisa tu. Katika maisha yangu yote sijawahi kutoa mchango mdogo uliofanya kazi kubwa namna ile.

Cheti hakikutoka. Nafasi ya chuoni alipewa mwingine. Espérance alichukua vipande vyake ndani ya mifuko miwili ya dukani, akapanda basi, na hakukanyaga tena dukani kwetu.

Jumatatu Monsieur Gust aliiona ile karatasi. Alisoma: kilo tatu. Alikuwa amesikia habari za shaba, maana mjini hapa hakuna siri inayovuka daraja bila kusalimiwa. Alishusha lile boksi la skrubu kutoka rafuni, akazimwaga zote mezani mbele yangu, akarudi kusoma gazeti. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Nikazipanga.

Mzee alifariki miaka michache baadaye, duka likawa la kuuza simu, nami nikapewa pensheni na muda mwingi wa kufikiri, ambao si zawadi ninayompendekezea mtu yeyote mwenye jambo la kufikiri. Nilikaa miaka sita nikijiambia kwamba Espérance amesahau. Mtu aliyekosa husema hivyo kuhusu aliyekosewa, kwa sababu hakuna anayemuuliza yule mwingine.

Mwaka wa saba nilikwenda. Alikuwa anakaa Etterbeek, ghorofa ya tatu, na sasa alikuwa msimamizi katika ile nyumba ya wazee. Nilipanda ngazi na goti hili. Alinifungulia, akanikaribisha chai, akakaa mbele yangu kama anayemsikiliza mgonjwa.

Nikasema yote. Mizani, haya, sahihi, gundi. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye tramu. Nilipomaliza aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mizani yake ya unga na ile sahani ya shaba. Ilikuwa imepinda pembe moja, na udongo mkavu bado ulikuwa ndani ya herufi.

"Nilijuaka, Tonton," alisema. "Kesho yake asubuhi nilipeleka vipande kazini, nikavipima kwa balance ya nguo. Nikatoa matope kwanza. Quatre kilos quatre cents. Kilo ine na gramu mia ine."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Bote balikuwa banasema gundi." Aliweka kikombe changu karibu nami. "Nilikuwa nangoja weye useme. Mwezi wa tisa ilikuwa bado mbali. Weye muntu wa mota, ungesema neno moja tu, mkaguzi angenipatia siku ingine, na miye ningejenga tena. Nilingoja mpaka tarehe ya mwisho. Kisha nikaacha kungoja."

Nikamuuliza kama bado anajenga.

"Hapana." Hakusema kwa hasira. "Na hapana kwa sababu ya roketi. Roketi inaangukaka."

Akaiweka shaba juu ya mizani ya unga, akageuza mizani namba zinitazame. Gramu mia tisa na kumi. Miaka saba ile sikuwahi kujua.

"Soma majina," akaniambia. Nikasoma. Papa Floribert juu kabisa kwa herufi kubwa, kina mama, fundi magari, wote.

"Yako haiko," alisema. "Chukua. Ikae kwako."

Basi hiyo ndiyo kanuni, na mengine yote mtayakuta kwenye kijitabu kinachokuja na mota. Nasikia mmeanza tena kukusanya michango ukumbini, na kuna mtu ameshaleta bendera na mwingine taa za kuwakawaka. Pokeeni vyote, shukuruni, pigeni makofi. Kisha tundikeni roketi nzima kwenye ndoano mbele ya hao hao walioleta, msome namba kwa sauti, na atakayenuna anune. Mkiona aibu, njooni kwangu niwaazime mizani. Ni ile ile, haijachakaa, maana siku iliyohitajika haikutumika.

Shaba iko hapa mezani ninapoandika. Wiki moja baada ya kutoka kwake nilichukua msumari nikakwaruza mstari mmoja chini kabisa, palipokuwa pamebaki nafasi: Ramadhani. Mwandiko si mzuri kama ule wa kwenye karatasi. Shaba ni ngumu.